Taa ya buluu na mtoto wa manjano: nuru inayotibu hutoka wapi?

Asubuhi moja, miezi michache iliyopita, baba mmoja kijana kutoka Mwakirunge aliingia katika chumba changu cha matibabu pamoja na mkewe na mtoto wao wa siku tano. Mtoto alikuwa wa manjano. Macho yalikuwa ya manjano, kifua kilikuwa cha manjano, na nilipomvua soksi nikaona hata nyayo zimegeuka rangi. Alikuwa akilala mno kwa mtoto wa umri wake, na mama yake alieleza kwamba tangu usiku alikuwa akinyonya kidogo kisha kuliachia titi.

Nilipouliza manjano hayo yalianza lini, baba alijibu kwa uaminifu kwamba yalianza siku ya tatu. Akaongeza kwamba hawakukaa bure. Yeye huokota na kuuza vyuma na mitambo chakavu katika jaa la Mwakirunge, ambako taka za mji wa Mombasa hutupwa. Huko aliwahi kupata utepe wa taa ndogo za buluu, zile zinazopambia ndani ya matatu. Aliuunganisha na betri, akaufunga juu ya chandarua, na mtoto akalazwa chini yake siku mbili, usiku na mchana.

"Daktari," akaniambia, "mtoto wa dada yangu alipolazwa hospitalini kwa manjano, niliona wamemweka chini ya taa za buluu. Nikasema, na hizi si ndizo hizo?"

Mpenzi msomaji, wapo watakaomcheka baba huyu. Mimi sikumcheka. Alitazama vizuri kuliko wazazi wengi, na alichokisema kilikuwa kweli nusu. Hatari ni kwamba mtoto hawezi kutibiwa kwa nusu iliyobaki. Wiki hii basi tuangalie nusu zote mbili: kwa nini nuru ya buluu humtibu mtoto wa manjano, nuru hiyo hutoka wapi, na kwa nini taa mbili zenye rangi moja machoni si lazima ziwe dawa moja.

Manjano haya ni nini?

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Manjano ya mtoto mchanga si homa ya manjano, ule ugonjwa unaoletwa na mbu na ambao wasafiri huchanjwa. Jina linafanana lakini maradhi ni mbali mbali.

Mtoto anapozaliwa huwa na chembechembe nyingi nyekundu za damu. Chembe hizo zinapochakaa na kuvunjika hutoa kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Kwa mtu mzima, ini hukigeuza kitu hiki kiweze kuyeyuka majini, kisha hukitoa pamoja na nyongo. Ini la mtoto mchanga bado halijazoea kazi hiyo. Kwa hiyo bilirubini hujaa katika damu na ngozi ikageuka rangi. Zaidi ya nusu ya watoto wote wachanga hupata manjano kiasi fulani katika wiki ya kwanza, na wale waliozaliwa kabla ya siku zao hupata zaidi. Wengi hupona bila dawa yoyote.

Taabu huja pale bilirubini inapopanda kupita kiasi. Ikishafika huko hupenya na kuingia katika ubongo. Mtoto anaweza kufa, na akipona anaweza kubaki kiziwi au kupooza viungo maisha yake yote. Hapa kwetu Pwani tuna sababu moja zaidi ya kuwa macho. Watu wengi katika sehemu zenye malaria hurithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria, lakini humfanya mtoto mchanga avunje damu kwa urahisi. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo na mende, vinaweza kumletea mtoto kama huyo manjano makali kwa kulazwa tu katika nguo zilizohifadhiwa navyo.

Muuguzi aliyewatoa watoto juani

Tiba ya mwanga ilianzia kwenye uangalifu wa muuguzi. Katika hospitali ya Rochford, huko Essex nchini Uingereza, Sista Ward alikuwa akisimamia wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Aliamini hewa safi na jua huwafaa, hivyo kukiwa na joto aliwatoa nje. Mwaka 1956 aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepoteza manjano, isipokuwa sehemu moja yenye pembe tatu iliyobaki manjano kabisa. Sehemu hiyo ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka.

Baadaye chupa ndogo ya damu ya mtoto mwenye manjano ilisahauliwa dirishani penye jua. Ilipopimwa, bilirubini yake ilikuwa imepungua kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na wenzake walifuatilia jambo hilo, na mwaka 1958 wakatangaza matokeo yao katika jarida la Lancet.

Leo tunajua kinachotokea. Bilirubini inapomeza nuru ya buluu, umbo lake hujikunja upya. Katika umbo hilo jipya huweza kuyeyuka majini, na mwili ukaitoa kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Nuru inayofanya kazi hii vizuri zaidi ni ile yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 460 na 490. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Nuru huja kwa punje

Sasa msomaji atauliza: kwa nini buluu? Kwa nini tusiwashe taa nyekundu nyingi, tukamaliza kazi kwa wingi?

Jibu ni kwamba nuru haimiminiki kama maji ya mfereji. Huja kwa punje, kama mchele. Kila punje hubeba kipimo chake cha nishati, na kipimo hicho hutegemea rangi. Wanafizikia hupima nishati ndogo namna hii kwa elektroni-volti. Punje ya nuru nyekundu ya nanomita 650 hubeba elektroni-volti 1.9 hivi. Punje ya buluu ya nanomita 460 hubeba 2.7. Bilirubini humeza punje moja moja, na punje nyekundu haina nishati inayotosha kuibadilisha umbo. Hata ukiwasha taa nyekundu mia moja, ni sawa na kutaka kufungua kufuli kwa funguo mia moja zisizoliingia tundu lake.

Kwa hiyo katika tiba hii, rangi ndiyo aina ya dawa, na wingi wa punje zinazoifikia ngozi ndio kipimo cha dawa. Tafadhali yashike mambo haya mawili, kwa maana tutayarudia.

Abiria, kiti na keria

Taa za tiba za siku hizi, kama ule utepe wa matatu, ni za LED. Ndani yake hamna waya unaowaka wala gesi. Mna kipande kidogo cha fuwele, kitu ambacho atomi zake zimepangwa kwa safu kama chembe za chumvi au sukari. Fuwele hii ni ya aina ya semikondakta, yaani haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo.

Ili kuelewa inavyotoa nuru, fikiria matatu ya kwenda Mwakirunge iliyojaa pomoni. Viti vyote vina watu na hakuna awezaye kusogea. Hivyo ndivyo elektroni zilivyo katika fuwele iliyotulia. Sasa abiria mmoja apewe nguvu ya kupanda juu kwenye keria. Mambo mawili yatatokea. Yule aliye juu ana nafasi ya kutembea. Na kiti alichokiacha wazi nacho huanza kutembea, kwa sababu jirani atakihamia, na jirani wa jirani atakihamia kile kingine, hata ionekane kama kiti kitupu ndicho kinachosafiri kuelekea nyuma ya gari. Wanafizikia huliita pengo hilo tundu.

Abiria wa juu akikutana na kiti kitupu chini yake, hushuka na kukaa. Nishati aliyokuwa nayo juu lazima iende mahali, na katika fuwele za aina hii hutoka kama punje moja ya nuru. Rangi ya punje hiyo hutegemea urefu kutoka kitini hadi kwenye keria. Gari fupi hutoa nyekundu. Gari refu hutoa buluu. Katika taa, kazi ya betri ni kuleta abiria wengi upande mmoja na viti vitupu upande wa pili, ili wakutane katikati mfululizo.

Basi hapo ndipo rangi ya taa ya LED inapotoka. Chanzo chake ni urefu wa ngazi iliyomo ndani ya fuwele yenyewe. Ukilifunika balbu jeupe kwa plastiki ya buluu hukuzalisha nuru mpya ya buluu. Umezuia tu rangi nyingine zisipite, na kilichobaki ni kidogo.

Jozi iliyofungwa kwa kamba

Kuna jambo moja zaidi kuhusu abiria huyo. Elektroni ina chaji hasi. Tundu lililoachwa huwa kama lenye chaji chanya. Hasi na chanya huvutana. Kwa hiyo abiria wa keria na kiti chake huweza kutembea pamoja kana kwamba wamefungwa kamba, wakizungukana bila kukutana mara moja. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Mwanafizikia Yakov Frenkel wa Urusi ya Kisovieti ndiye aliyeleta wazo hilo mwaka 1931. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Evgeny Gross na wenzake mjini Leningrad waliona alama zake katika fuwele za oksidi ya shaba zilizopozwa sana: mfululizo wa mistari myembamba katika nuru, uliopangika kama ule wa atomi ya haidrojeni.

Kamba hiyo ina nguvu gani? Hutegemea fuwele. Katika galiamu na aseniki, inayotumika katika taa nyingi zisizoonekana kwa macho kama zile za rimoti za televisheni, kukata kamba huhitaji kiasi cha elfu-nne ya elektroni-volti tu, yaani 0.004. Joto la kawaida la chumba peke yake lina kama 0.025. Kwa hiyo joto la chumba hukata jozi nyingi, na elektroni na matundu hutangatanga mbali mbali mpaka yakutane tena. Katika galiamu na naitrojeni, fuwele inayotupa buluu, kamba ni imara zaidi na inakaribia kulingana na joto hilo. Jozi inapodumu pamoja, nuru yake hutoka kwa urahisi zaidi na rangi yake huwa safi.

Pengine utasema, haya yanamhusu nini mama mwenye mtoto wa manjano? Yanamhusu, kwa sababu bila kupatikana fuwele hiyo ya pili, taa ya bei nafuu ya kumtibu mtoto wake isingekuwapo.

Buluu iliyokawia miaka thelathini

Taa nyekundu ya LED iliyoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Kijani ikafuata. Buluu ilikataa. Gari refu lilihitaji fuwele ya galiamu na naitrojeni, na hakuna aliyeweza kuikuza bila kasoro nyingi. Kasoro ndani ya fuwele ni kama shimo barabarani: jozi ikitumbukia humo, nishati hugeuka joto badala ya nuru.

Waliofaulu ni Isamu Akasaki na Hiroshi Amano katika Chuo Kikuu cha Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia, wote nchini Japani. Kazi yao ilikomaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Galiamu na naitrojeni peke yake hutoa nuru iliyopita buluu, nuru ya urujuanimno isiyoonekana. Kwa hiyo huchanganywa na madini ya indiamu katika tabaka jembamba la nanomita chache. Indiamu ikizidi, ngazi hufupika na rangi huelekea kijani. Ikipungua, rangi hurudi upande wa zambarau. Mtengenezaji wa taa ya hospitali huchagua kipimo kitakacholeta nuru katika ile nafasi inayomezwa na bilirubini.

Kabla ya hapo tulitumia mirija mirefu ya taa. Ilitibu watoto wengi, lakini ilipoteza nguvu mapema huku ikiendelea kuonekana inawaka vizuri, na nyingine zilileta joto lililowakausha watoto maji mwilini. Taa za LED hudumu zaidi na hazichomi.

Ngazi inayobadilika kwa ukubwa

Hebu tuongeze jambo ambalo huenda umeliona limeandikwa kwenye masanduku ya televisheni mpya: nukta za kwantamu. Hizi ni fuwele za semikondakta zilizo ndogo mno, za nanomita mbili hadi kumi hivi.

Eksitoni huhitaji nafasi ya kuzungukia. Katika fuwele ya kadimiamu na seleniamu nafasi hiyo ni nanomita kadhaa. Ukiifungia jozi ndani ya punje iliyo ndogo kuliko nafasi hiyo, joto haliiachanishi tena kwa sababu kuta zenyewe zinaibana, na kila jozi ikibanwa ndivyo nishati yake inavyopanda. Mpiga udi wa taarabu analijua jambo hili kwa vidole vyake: uzi uleule, ukiubana ukawa mfupi, sauti hupanda. Vivyo hivyo dawa ileile ya kadimiamu na seleniamu, ikifinyangwa katika punje za nanomita sita hivi hutoa nyekundu, na ikifanywa ya nanomita mbili hivi huelekea buluu. Kilichobadilika ni ukubwa tu.

Aleksey Ekimov aliona jambo hili katika vioo vya rangi huko Urusi ya Kisovieti, Louis Brus akaliona katika chembe zinazoelea majini huko Marekani, na Moungi Bawendi, ambaye baba yake alikuwa Mtunisia, akagundua mwaka 1993 namna ya kutengeneza punje zenye ukubwa sawa. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Katika utabibu, punje hizi hutumiwa na watafiti kutia alama kwenye seli ili zionekane chini ya darubini, na wapo wanaojaribu kuzitumia katika taa za tiba. Lakini kwa sasa taa iliyo wodini juu ya mtoto ni ile ya galiamu na naitrojeni.

Basi utepe wa matatu ulikosea wapi?

Sasa turudi kwa baba yetu wa Mwakirunge. Nusu aliyokuwa sahihi ni hii: huenda kabisa fuwele zilizokuwa katika utepe wake zilikuwa za jamii ileile ya zile za hospitali, na rangi yake haikuwa mbali. Nusu iliyokosekana ni kipimo.

Taa ya hospitali hupimwa kwa chombo maalumu kinachoonyesha ni nuru kiasi gani inayofika juu ya ngozi, katika rangi ile inayotakiwa tu. Hukaa karibu na mtoto, kwa umbali ulioagizwa na mtengenezaji. Utepe wa mapambo una punje chache za nuru, na ulifungwa juu ya chandarua, mbali. Nuru hufifia haraka kadiri unavyoisogeza mbali. Tena mtoto alikuwa amevishwa fulana, kofia na soksi. Mahali palipofunikwa nguo dawa haifiki, kama Sista Ward alivyoona chini ya ncha ya shuka. Hospitalini mtoto huvuliwa nguo zote isipokuwa nepi, macho yake hufunikwa, hugeuzwa, hupimwa joto, na huendelea kunyonya mara kwa mara ili atoe choo na mkojo.

Kubwa kuliko yote, utepe hauwezi kupima damu. Hospitalini bilirubini hupimwa tena na tena. Ikiwa inapanda licha ya taa, madaktari huongeza nuru, au hubadilisha damu ya mtoto kabla ubongo haujadhurika. Nyumbani, mzazi huona mwanga mzuri wa buluu akapata matumaini, na chini ya mwanga huo hata rangi ya mtoto haionekani tena sawasawa. Siku mbili zikapita.

Na jua la asubuhi?

Nyanya wengi hushauri mtoto atolewe juani asubuhi. Msingi wa ushauri huo si uongo, kwani jua lina nuru ya buluu kwa wingi, na ndilo lililoanzisha tiba hii. Lakini jua lina pia urujuanimno unaounguza ngozi, na joto linalomkausha mtoto. Huko Nigeria watafiti waliwaweka watoto chini ya mahema yenye karatasi maalumu za kuchuja miale hiyo mibaya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba tiba hiyo iliweza kulingana na taa za kawaida. Lakini watoto hao walikuwa chini ya uangalizi wa wahudumu na walipimwa damu. Hilo ni tofauti na dakika kumi za jua kibarazani, mtoto akiwa ndani ya shali. Jua la kibarazani lisikufanye uahirishe safari ya kwenda hospitalini.

Taa ikifa

Kwa kuwa baba huyu hupata riziki jaani, nilimpa na ushauri mwingine, na ninautoa kwa wote wanaofanya kazi hiyo. Fuwele ya buluu yenyewe haina sumu ya kutisha. Lakini taa za aina nyingine zina aseniki, baadhi ya nukta za kwantamu zina kadimiamu inayodhuru figo, na mbao za mitambo huweza kuwa na risasi katika kulehemu kwake. Vikiwa vizima, vitu hivi hukaa ndani ya kioo na plastiki. Hatari huzidi vinapopondwa au kuchomwa ili kutoa shaba, kwa sababu moshi na vumbi huingia mapafuni na majumbani. Usichome nyaya wala mitambo. Nawa mikono na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na mama mjamzito asikae karibu na moshi huo.

Mambo ya kushika

Mtazame mtoto mchanga kila siku katika wiki ya kwanza, kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha. Kwa ngozi nyeusi, bonyeza taratibu paji la uso au ncha ya pua kisha uachie, uone rangi iliyo chini. Tazama pia weupe wa macho na fizi.

Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo iwapo:
- manjano yameonekana kabla ya saa 24 tangu azaliwe;
- manjano yamefika viganjani au katika nyayo;
- mtoto amezaliwa kabla ya siku zake na amegeuka manjano;
- hanyonyi vizuri, analala mno au ni vigumu kumwamsha;
- analia kwa sauti nyembamba ya ajabu, au anapinda mgongo na shingo kwa nyuma;
- ana homa au mwili wa baridi.

Mtoto ambaye manjano yake hayajaisha baada ya wiki mbili, hasa akiwa na choo cheupe kama chokaa, naye achunguzwe haraka, kwani huenda ni ugonjwa wa ini. Usimpe maji ya glukosi wala dawa ya miti shamba. Mnyonyeshe. Na ukiwa na kisa cha manjano katika watoto wako waliotangulia, mwambie mkunga kabla ya kujifungua.

Mtoto wa Mwakirunge tulimpeleka hospitali kubwa asubuhi ile ile. Alikaa chini ya taa siku tatu, na ya pili jioni akaanza kunyonya kwa nguvu. Alipopimwa alionekana ana ule upungufu wa G6PD, kwa hiyo wazazi wake sasa wana orodha ya dawa za kuepuka. Bado tunamfuatilia usikivu wake, kwa kuwa siku mbili si kitu kidogo kwa ubongo wa siku tano.

Baba yake aliporudi kunishukuru aliniuliza kama angeweza kuuweka utepe wake barazani kwa ajili ya pambo. Nikamwambia aweke bila wasiwasi, ni taa nzuri. Ila jirani akija kuuazima kwa ajili ya mtoto wa manjano, asimpe utepe. Ampe nauli.